Kupanga ngoma za brekibiti za kasi ukiwa Lamu

Kompyuta yoyote itapiga mapigo 170 kwa dakika bila kuchoka, kwa hiyo kasi peke yake si kazi. Kazi ya brekibiti, yaani ngoma zinazojengwa kwa vipande vilivyokatwa na kupangwa upya, iko kwenye mapigo madogo yanayojificha kati ya yale makubwa: msikilizaji hayahesabu, lakini ukiyatoa, mwili wake unaacha kutikisika. Mtu aliyekulia Lamu ameyasikia mapigo ya namna hiyo tangu utotoni. Ameyasikia kwenye kirumbizi, fimbo zikigongana juu ya ngoma na zumari. Ameyasikia kwenye vugo, akina mama wakigonga pembe harusini, kila mmoja na pigo lake na yote yakiingiana. Mwongozo huu unaanza na sikio hilo ambalo tayari unalo, ndipo uende kwenye programu.

Nitatumia maneno machache mara kwa mara. Kiki ni ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Snea ni ile ngoma yenye nyuzi chini yake, inayolia kwa ukali. Toazi ni kisahani cha shaba chenye sauti ya juu. Duru ni mzunguko mmoja wa mapigo manne, ambao tutaugawa katika visanduku 16 kama unavyouona kwenye skrini.

Ilikotoka

Katika nyimbo za zamani za soul na funk za Marekani kulikuwa na sehemu ambapo vyombo vyote vinanyamaza na mpiga ngoma anabaki peke yake kwa sekunde chache. Hiyo ndiyo breki. Mwaka 1973 huko Bronx, New York, DJ Kool Herc aliona kuwa wachezaji wanaingoja sehemu hiyo kuliko wimbo wenyewe, akaanza kuirefusha kwa kutumia sahani mbili za santuri. Miaka ya mwanzo ya 1990, vijana wa London walizichukua breki hizo, wakazikatakata ndani ya mashine za sampuli kama za Akai, zinazonasa kipande cha sauti na kukipiga tena, na kuzipeleka kwenye mapigo 160 hadi 170 na zaidi kwa dakika. Ndipo jungle ikazaliwa, na baada yake drum and bass.

Breki iliyotumika kuliko karibu zote ilipigwa mwaka 1969 na Gregory Coleman wa kundi la The Winstons, ndani ya wimbo "Amen, Brother". Ni duru nne tu, takriban sekunde 7, kwa mwendo wa karibu mapigo 136 kwa dakika. Imetumika katika maelfu ya nyimbo, na Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa kwa matumizi hayo. Naitaja habari hii mapema kwa sababu nitakushauri urekodi ngoma zako mwenyewe, na utakapofika kwa mzee wa ngoma na kinasa sauti mkononi, ukumbuke Coleman na utoe malipo.

Kwanza iseme kwa mdomo

Kabla ya kuwasha kompyuta, tamka ngoma. Kiki iwe "du", snea iwe "ka", snea ndogo ya chini chini iwe "ti". Piga goti kwa mkono, polepole, mapigo manne, na useme:

du – du – ka – – ti – ti du du ka – – ti

Kila silabi au mstari ni nafasi yake. Ni nafasi 16 kamili. Utaziona tena kwenye gridi. Rudia hadi uweze kuisema huku unatembea barabara ya Usita wa Mui bila kupotea. Mtu asiyeweza kuisema ngoma kwa mdomo hataweza kuihariri, kwa sababu hatajua ni pigo gani limekaa vibaya. Atakuwa anasogeza vidoti kwenye skrini kwa kubahatisha.

Vifaa

Hapa usipoteze muda. Laptopu ya kawaida inatosha. Programu ya LMMS inapatikana bure na ina gridi ya ngoma. MilkyTracker pia ni ya bure, na inaandika muziki kwa safu zinazoshuka chini, namna ambayo wapangaji wengi wa breki za kasi wanaipenda kwa sababu kila kipande kinapewa amri yake mstari kwa mstari. Ukiwa tayari na FL Studio, Ableton Live au Reaper, baki nayo. Kwenye simu kuna Koala Sampler, na usiidharau: ukishakata vipande na kuvigonga kwa vidole, unapata mpangilio ambao panya hangekupa.

Kitu cha lazima ni hedifoni zinazofunika masikio yote mawili. Spika ya simu haitoi sauti za chini, nawe utaongeza kiki mpaka uharibu kila kitu.

Mpangilio wa msingi, kwa mwendo wa polepole

Weka mwendo 100 kwanza. Usianze na 170. Jaza gridi hivi. X ni pigo zito, o ni pigo la chini chini, nukta ni nafasi tupu:

Toazi: X . X . X . X . X . X . X . X .
Snea:  . . . . X . . o . o . . X . . o
Kiki:  X . X . . . . . . . X X . . . .

Hivi ndivyo inavyokwenda duru ya kwanza na ya pili ya breki ya Coleman. Itazame vizuri. Snea nzito ziko kwenye kisanduku cha 5 na cha 13, mahali pale pale ambapo biti ya kawaida ingeziweka. Hizo ni nguzo. Mambo yote mengine yamehama: kiki ya 3 inafuata ya kwanza kwa haraka, halafu kuna uwazi mrefu ambamo snea ndogo za 8 na 10 zinaongea, halafu kiki mbili zinagongana 11 na 12 na kuisukuma snea ya 13.

Sasa ondoa snea ndogo zote tatu na usikilize. Mapigo makubwa hayajabadilika hata moja, lakini ngoma imekufa. Zirudishe moja moja, uone kila moja inafanya nini. Ile ya 16 ndiyo inayorudisha duru mwanzoni. Bila hiyo, mzunguko unafika mwisho na kusimama kabla ya kuanza tena. Zoezi hili dogo lina faida kuliko masomo mengi marefu ya video.

Katika duru ya tatu Coleman alifanya kitu ambacho bado kinasisimua: snea ya mwisho haikuanguka kwenye 13. Aliichelewesha hadi 15. Sikio linangoja nguzo, nguzo haipo, halafu inakuja mahali pasipotarajiwa. Kanuni ya jungle nzima imo humo: simamisha nguzo mara mbili au tatu hadi mwili uziamini, kisha hamisha moja.

Nguvu ya kila pigo

Programu nyingi hupima nguvu ya pigo kutoka 0 hadi 127. Anayeanza huacha kila pigo kwenye kiwango kimoja, na matokeo yake ni sauti ya cherehani. Fanya hivi: snea za 5 na 13 ziwe kati ya 110 na 127. Snea ndogo ziwe kati ya 25 na 50, na zisilingane. 8 iwe 38, 10 iwe 30, 16 iwe 45. Toazi la visanduku 1, 5, 9 na 13 liwe na nguvu zaidi kidogo ya yale ya katikati.

Ukitaka mwalimu wa mapigo madogo, msikilize Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa James Brown, katika "Funky Drummer" iliyotoka mwaka 1970. Snea zake za chini chini ni nyingi kuliko zile kubwa, na hakuna hata moja inayojitokeza kukusumbua.

Nguvu ikibadilika, rangi ya sauti nayo inafaa ibadilike. Ngoma halisi ikipigwa kwa nguvu ndogo haipungui sauti tu, inakuwa butu. Kama programu yako inaruhusu, funga chujio kidogo kwenye mapigo dhaifu ili ule ukali wa juu upungue. Na kama umerekodi mwenyewe, ni bora zaidi kuwa na kipande tofauti cha pigo dogo, kilichopigwa taratibu kweli.

Baada ya nguvu, shughulikia muda. Kwenye mapigo 170 kwa dakika, kisanduku kimoja kina takriban milisekunde 88. Kusogeza snea ndogo nyuma kwa milisekunde 8 hadi 12 ni takriban sehemu moja ya kumi ya nafasi yake. Huoni kitu kwenye skrini, lakini ngoma inalegea na kupumua. Kiki na snea nzito zisisogee. Ukisogeza kila kitu, hakuna kilichosogea.

Rekodi breki yako

Hapa nataka ukae muda mrefu, maana dunia imejaa breki ileile ya 1969 na haina ya kwetu.

Tafuta ngoma tatu au nne. Vumi, kwa uzito wake wa chini, inakaa vizuri mahali pa kiki. Chapuo inafaa kwa mapigo ya juu ya haraka na yale madogo. Kwa ukali wa snea utahitaji kitu chenye mchakacho: tari lenye visahani vyake, au chapuo iliyotupiwa mnyororo mwepesi juu ya ngozi. Upatu unachukua kazi ya toazi. Pembe za vugo zinatoa mlio mkavu, mfupi, wenye mwanzo mkali sana, na kwa mapigo ya haraka mwanzo mkali ni dhahabu, kwa sababu kila kipande kinasikika kabla kinachofuata hakijakifunika.

Lakini vugo ni ya wanawake. Usiende kujipenyeza arusini na simu. Pita kwa mama yako au shangazi, umweleze unachotaka, aombe wanaopiga wakupe nusu saa ya mchana siku nyingine, na uwalipe. Vilevile matari na kasida za Maulidi ya Riyadha ziache zilipo. Tari kama chombo ni la kila mtu, na unaweza kulinunua au kuliazima ukapiga mwenyewe. Ila kuchukua sauti za ibada na kuzikatia muziki wa dansi kutawaumiza watu unaoishi nao, na hakuna biti yenye thamani hiyo.

Chumba. Nyumba za mawe za Mkomani zina kuta nene za matumbawe zilizopakwa chokaa, dari ndefu na vyumba vyembamba. Vinazuia kelele za nje vizuri sana, lakini chokaa laini inarudisha sauti, na mwangwi huo ukikatwa vipande kwa kasi ya 170 unageuka matope. Simamisha magodoro mawili ukutani, tandika mkeka na blanketi chini, na uning'inize shuka nzito nyuma ya mpigaji. Piga kofi moja. Ukisikia mkia wa sauti, ongeza nguo.

Saa nazo zina maana. Punda huanza kupita mapema, mafundi huanza kugonga asubuhi, na kati ya adhana na adhana una muda wako. Rekodi baada ya adhuhuri, mji unapojipumzisha na joto. Ukitaka sauti za nje, kwa mfano nyundo za mafundi wa majahazi kule Matondoni wakikalafati, nenda alfajiri kabla upepo haujaamka. Upepo ukigusa maiki unaacha ngurumo ambayo hakuna chujio la kuiondoa yote. Funika maiki kwa kitambaa chenye manyoya.

Weka kinasa kwenye faili la WAV, si MP3. Maiki iwe umbali wa shubiri mbili hadi tatu kutoka ngozi ya ngoma, pembeni kidogo, isielekee katikati. Kiwango kiruke juu kabisa hadi kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Kikigusa sifuri sauti inapasuka, na haitengenezeki tena.

Mwambie mpigaji apige kwa njia mbili. Kwanza pigo moja moja: zito, la wastani, dogo, kila moja mara nane, ukiacha kimya kati yake. Kisha apige mzunguko mzima kwa mwendo anaoupenda yeye, bila kumwekea saa ya kompyuta masikioni, kwa dakika mbili au tatu. Huo mzunguko ndio breki. Ndani yake kuna kuyumba kidogo na kusukumana ambako mkono wako kwenye panya hauwezi kukubuni. Baadaye utachagua duru mbili au nne zilizokaa vizuri kuliko zote.

Kukata

Leta duru uliyochagua kwenye programu. Tafuta mwendo wake halisi kwa kupima urefu: sekunde 60 zidisha kwa idadi ya mapigo, gawa kwa urefu wa kipande. Duru nne zina mapigo 16. Kama zimechukua sekunde 8, mwendo ni 120.

Sasa una njia mbili za kuipeleka 170. Ya kwanza ni kuiharakisha kama sahani inayozungushwa kasi, sauti ipande pamoja nayo. Breki ya 136 ikipelekwa 170 inapanda karibu nusu-toni nne, na mlio ule mwembamba, uliokazwa, ndio harufu ya jungle ya zamani. Wengi wakati ule walikuwa pia wakirekodi sahani za mizunguko 33 kwa mizunguko 45 ili kubana kumbukumbu ndogo ya mashine. Njia ya pili ni kukata kila pigo na kuliweka mahali pake kwenye gridi mpya, sauti ibaki ilivyo. Vumi itabaki nzito. Mimi hupendelea ya pili kwa kiki na ya kwanza kwa kila kitu kingine.

Kata mahali pigo linapoanza, sio kabla, sio baada. Vuta picha ya sauti uione karibu kabisa. Ukikata mapema, kipande kitachelewa kulia. Ukikata baadaye, umekata ukali wake. Mwanzoni na mwishoni mwa kila kipande weka mteremko mfupi wa milisekunde 1 hadi 3, la sivyo utasikia "tik" kila kinapobadilika.

Kwa kuanzia gawa duru moja katika vipande 8, kila kimoja chenye visanduku viwili. Vipe namba. Kwa mpangilio ule wa juu, 1 na 2 vina kiki, 3 ni snea nzito, 4 na 5 vina toazi na snea ndogo, 6 ni kiki mbili, 7 ni snea nzito, 8 ni toazi na snea ndogo ya kurudisha.

Kupanga upya

Acha 3 na 7 mahali pake. Badilisha vingine. Jaribu duru nne hizi kwa mfuatano:

1 2 3 4 5 6 7 8
1 6 3 8 5 2 7 4
1 1 3 4 8 6 7 5
1 2 3 4 5 6 4 7

Katika duru ya nne, snea ya 7 imehamia nafasi ya mwisho, yaani kisanduku cha 15. Ni ile hila ya Coleman. Kwa kuwa duru tatu zimetangulia na nguzo zake zikiwa imara, kuhama huko kunasikika kama uamuzi na si kosa.

Nafasi sita zilizobaki, kila moja ikiweza kupokea kipande chochote kati ya 8, zinakupa mipangilio 262,144. Kwa hiyo usitafute kwa kubonyeza kitufe cha kuchanganya ovyo. Tamka kwanza kwa mdomo unachotaka, kisha kitafute kwenye vipande. Mchonga milango wa Lamu huanza na fremu na nguzo ya kati, maua yanakuja baadaye na yanajaza nafasi iliyokwisha kupimwa. Fanya vivyo hivyo.

Ukizoea vipande 8, kata kila kimoja mara mbili upate 16. Hapo ndipo ngoma inapoanza kuwa na ugumu wa kweli, maana unaweza kutumia nusu ya pili ya kipande cha 4, ile snea ndogo peke yake, na kuipanda popote. Tumia pia ukimya. Kisanduku kimoja kitupu kabla ya snea nzito kinaipa nguvu kuliko kuiongezea sauti.

Mifululizo ya haraka

Huu ndio mchezo unaowavutia wengi, na ndio unaoharibu nyimbo nyingi. Kipande kimoja kinarudiwa haraka haraka: mara mbili ndani ya kisanduku, mara nne, zaidi.

Kwenye 170, kugawa kisanduku mara mbili ni pigo moja kila milisekunde 44. Bado unasikia ngoma. Ukigawa mara nne ni kila milisekunde 22, sawa na mapigo 45 kwa sekunde, na hapo sikio linaacha kusikia mapigo. Linasikia mlio mmoja mzito wenye noti. Mpaka huo, takriban mapigo 20 hadi 30 kwa sekunde, ni mahali pa kuchezea: anza mfululizo ukiwa ngoma, ukaze, ugeuke noti, kisha uangukie kiki ya duru inayofuata.

Tumia mfululizo mwishoni mwa duru ya nne au ya nane, kwenye visanduku 13 hadi 16, sio kila duru. Nguvu isibaki sawa. Ipande kutoka 40 hadi 115, au ishuke. Badilisha na kimo cha sauti pia, kila rudio nusu-toni moja chini ya lililotangulia. Kugeuza kipande kimoja kinyumenyume kabla ya snea nzito nako kunavuta vizuri, maana sauti inafura kuelekea pigo badala ya kutoka kwake.

Chakacha ndani ya brekibiti

Chakacha huenda kwa sita kwa nane. Duru yake ukiihesabu kwa mapigo madogo ina 12, ilhali gridi yetu ina 16. Zote mbili zinakutana mahali pane: visanduku vya 1, 5, 9 na 13. Kwenye 170, pigo dogo la 12 ni kila milisekunde 118 na la 16 ni kila milisekunde 88, kwa hiyo kati ya nguzo na nguzo yanapishana na kusuguana.

Weka snea na kiki kwenye 16 kama kawaida. Fungua safu mpya, igawe duru mara 12, na panda pembe au chapuo ya juu humo, kwa sauti ya chini. Usijaze zote 12. Chagua tano au sita zinazofanana na zile kiuno kinazozijibu. Mara moja utasikia breki inayumba mbele na nyuma bila kupoteza nguzo. Kama inachanganya, punguza mwendo hadi 110, isikilize, kisha ipandishe polepole kwa tano tano.

Njia rahisi zaidi ni kupiga kwa tatu tatu ndani ya 16 yenyewe: kiki kwenye 1, 4, 7, 10 na 13, kisha 15 ili kufunga. Itagongana na snea kwenye 13, na mgongano huo ni mzuri.

Kusawazisha

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Ukikaza kompresa, ile zana inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, hadi snea ndogo zilingane na kubwa, umefuta kazi yako yote ya nguvu. Nakili safu nzima ya ngoma, nakala moja uikaze kabisa, kisha uichanganye taratibu chini ya ile ya asili. Unapata unene bila kupoteza pumzi.

Kata kila kitu chini ya hezi 30. Kama umeongeza kiki ya kompyuta chini ya vumi, ikate breki yote chini ya hezi 120 hivi, ili kiki moja tu imiliki eneo hilo. Mwili wa snea uko karibu hezi 200, ukali wake kati ya 2,000 na 5,000. Ukisikia upatu unachoma sikio, punguza eneo la hezi 7,000 badala ya kushusha safu nzima.

Besi iende nusu mwendo. Ngoma zikikimbia 170, besi inatembea 85, na wachezaji huchagua wenyewe miguu ifuate ipi. Usiipe noti nyingi.

Kujaribu

Hifadhi wimbo kama WAV na pia nakala ya simu. Usikilize kwenye hedifoni, kwenye simu, kisha omba nahodha wa boti ya kwenda Shela akuruhusu uuweke kwenye spika yake wakati injini inaunguruma. Injini itakula besi yote. Kinachobaki ni snea, pembe na mapigo ya katikati. Kama bado unaweza kusema ngoma kwa mdomo ukifuata kinachosikika, umesawazisha vizuri. Kama snea za 5 na 13 zimepotea, rudi uongeze ukali wa 3,000 kidogo. Kama unasikia toazi tu, punguza toazi.

Ukimaliza, hifadhi vipande vyako vyote kwenye folda moja, kila faili likiwa na jina la chombo, mwendo uliorekodiwa na nguvu ya pigo, mfano chapuo-118-dogo-3. Weka nakala kwenye diski nyingine, maana chumvi na joto la pwani haziihurumii laptopu. Mpelekee mpigaji wimbo uliokamilika kabla hujauweka mtandaoni, andika jina lake kwenye maelezo akikubali, na mkubaliane mapema atapata fungu gani wimbo ukiingiza pesa.